Jino moja la mbele, na mita iliyobaki vilevile

Sproketi ya pikipiki niliyokabidhiwa na fundi, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, ilikuwa imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti kilicholowa grisi, na kabla sijaifungua alinipa onyo: "Mwalimu, ukiweka hii ya meno 15, mita yako haitasema kweli tena." Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri pancha zao walitikisa vichwa kuafiki, na mmoja akaongeza kwamba ndugu yake wa Handeni alifanya hivyohivyo na sasa hajui anakwenda mwendo gani. Sikubishana nao siku ile, kwa kuwa jambo lililonipeleka pale halikuwa mita bali kelele za injini.

Nafundisha Korogwe na familia yangu inaishi Lushoto, kwa hiyo kila Ijumaa jioni napanda na kila Jumapili nashuka. Safari hiyo ina sura mbili zisizofanana hata kidogo. Kutoka Korogwe hadi Mombo barabara ni tambarare, inapita kando ya mashamba ya mkonge, na pikipiki yangu ya cc 150, moja ya zile za kawaida zitokazo India, inafika gia ya tano mapema na kuanza kulalamika kana kwamba inaomba gia ya sita ambayo haikuumbiwa. Ukikata kona ya Mombo, mambo yanageuka: kilomita 33 za kupanda na kukunja kona kupitia Soni, ambako gia ya tano ni pambo tu. Nilitaka sura ya kwanza iwe tulivu, na sikuwa nimefikiri vya kutosha kuhusu ya pili.

Kabla ya kufungua boliti yoyote nilihesabu meno, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo kwa chaki, kwa sababu ukihesabu kwa jicho peke yake utapoteza mahali ulipoanzia. Ya mbele ilikuwa na meno 14 na ya nyuma 42. Maana yake ni kwamba sproketi ya mbele inazunguka mara 3 kamili ili tairi la nyuma lizunguke mara 1. Nguvu ya injini imeshapita kwenye klachi na giaboksi kabla ya kufika hapo, na kila gia imeshapunguza mizunguko kwa kiasi chake. Sproketi mbili na cheni ndizo hatua ya mwisho, na ni hatua inayozigusa gia zote kwa pamoja. Huwezi kuirefusha gia ya tano pekee kwa njia hii, yaani kuifanya injini izunguke taratibu zaidi kwa mwendo uleule. Ukibadili sproketi, gia ya kwanza nayo imebadilika kwa kiasi kilekile, na hapo ndipo watu wengi, mimi nikiwamo, tunapojikwaa.

Kisha nilipima tairi. Niliweka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na nyingine kwenye sakafu ya baraza, nikakaa juu ya pikipiki ili tairi libonyee kama linavyobonyea barabarani, mwanangu akaisukuma polepole hadi alama ikagusa sakafu tena. Mzunguko mmoja ulikuwa mita 1.81. Kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko 552 ya tairi na zaidi kidogo, sawa na mizunguko 1,657 ya sproketi ya meno 14. Kwa sproketi ya meno 15, uwiano unashuka kutoka 3 hadi 2.8, na kilomita ileile inahitaji mizunguko 1,547. Mizunguko 110 imeokolewa katika kila kilomita, na injini nayo inapungua kwa uwiano huohuo: mahali ilipokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, sasa inazunguka mara 5,600 kwa mwendo uleule. Hakuna nguvu mpya iliyozaliwa hapo. Kilichobadilika ni kwamba injini inafanya kazi ileile ikiwa inazunguka taratibu zaidi, kwa hiyo kila mlipuko ndani ya silinda unapaswa kusukuma mzigo mkubwa kidogo kuliko zamani.

Jino moja la mbele lina uzito kuliko linavyoonekana. Kutoka 14 kwenda 15 ni badiliko la asilimia 7. Ili kupata matokeo hayo kwa kubadili ya nyuma, ungelazimika kuishusha kutoka 42 hadi 39. Kwa pikipiki zenye uwiano wa namna hii, jino moja mbele ni sawa na meno matatu nyuma, ila kwa upande uliopinduka: kuongeza mbele kunarefusha gia, kuongeza nyuma kunazifupisha. Mafundi wengi hupenda kugusa ya mbele kwa sababu ni rahisi. Inashikiliwa na bamba dogo lenye boliti mbili za spana namba 10, haina haja ya kutoa tairi, na bei yake ni ndogo. Cheni pia haisumbui. Jino moja la mbele linasogeza ekseli ya nyuma kwa milimita 3 hivi, ambazo nafasi ya kukazia cheni inazimeza bila shida, lakini meno matatu ya nyuma yanaisogeza karibu sentimita moja, na hapo huenda ukahitaji cheni fupi zaidi.

Nilipoitoa sproketi ya zamani niliona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu. Meno yake yalikuwa yamelika kwa kupokezana: moja limekonda, la pili liko afadhali, la tatu limekonda, na kuendelea hivyo mzunguko mzima. Sababu yake inapendeza kwa mwalimu wa fizikia. Cheni ina pingili za ndani na pingili za nje zinazofuatana, na idadi yake ni shufwa. Sproketi ya meno 14 nayo ni shufwa, kwa hiyo jino lililokutana na pingili ya ndani siku ya kwanza litakutana na pingili za ndani maisha yake yote, isipokuwa cheni ifunguliwe na kurudishwa ikiwa imesogea pingili moja. Sproketi ya meno 15 haina tatizo hilo, kwa kuwa kila jino hupokezana kati ya pingili za ndani na za nje na ulaji unagawanyika sawasawa. Nilimwonyesha fundi; akaigeuzageuza juani, akasema amezitupa mamia ya sproketi bila kulitazama jambo hilo.

Ijumaa ya kwanza nilifurahi. Injini ilitulia, mtetemo wa vishikio ukapungua, na nilifika Mombo bila ganzi ya vidole niliyokuwa nimeizoea. Kwenye mlima furaha iliisha. Nikiwa peke yangu kazi ilikwenda, ingawa sehemu nilizokuwa nikipita kwa gia ya tatu nilijikuta nikirudi ya pili. Lakini wiki iliyofuata nilimpakia shemeji yangu pamoja na kiroba cha mchele wa Mombo, tukasimama kwenye mwinuko baada ya Soni kupisha basi, na nilipotaka kuondoka ilinibidi kuibembeleza klachi kwa muda mrefu hadi harufu ya kuungua ikatufikia. Ile asilimia 7 niliyoipenda kwenye gia ya tano ilikuwa imekaa pia kwenye gia ya kwanza, ikinidai.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Watu huweka sproketi kubwa mbele wakiamini kwamba mwendo wa juu kabisa utaongezeka, na karatasi inakubali: gawanya mizunguko ya injini kwa uwiano mpya, utapata mwendo mkubwa zaidi. Hewa haikubali. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa inakua kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo kuongeza mwendo kwa asilimia 7 kunadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 23, na injini ndogo haina mahali pa kuzitoa. Kwa sproketi ya 14 nilikuwa nikifika mwisho wa kishikio cha mafuta na mwisho wa injini karibu kwa wakati mmoja. Kwa 15, mkono umefika mwisho lakini injini haijafika. Inabaki chini ya mizunguko ambayo ndiyo inayoipa nguvu zake zote, na upepo wa mbele ukija inanibidi nishuke gia ya nne. Mwendo wangu wa juu kwenye tambarare ulipungua kidogo. Haukuongezeka.

Sasa nirudi kwenye mita, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Siku niliyorudi gereji kukaza cheni, niliiweka pikipiki juu ya stendi kubwa, tairi la nyuma likiwa hewani, nikaiwasha na kuingiza gia ya tatu. Tairi la nyuma lilizunguka kwa kasi, cheni ikalia, na mshale wa mita ukabaki kwenye sifuri. Nilimwomba fundi aangalie. Aliangalia, akagonga kioo cha mita kwa kucha, akaangalia tena. Nilizima injini, nikafungua waya wa mita pale unapoingia kwenye habu ya tairi la mbele, nikauzungusha kwa vidole viwili, na mshale ukaruka kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mita ya pikipiki hii inasomea tairi la mbele. Sproketi, cheni, giaboksi na injini haviko kabisa kwenye njia yake. Hata ukiisukuma pikipiki kwa mkono, injini imezimwa, inahesabu. Unaweza kuweka sproketi ya meno 13 au 16, na mita haitajua lolote. Fundi alicheka, akasema, "Basi huyo ndugu wa Handeni mita yake ilikufa yenyewe."

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni kwamba wanalinganisha mshale na mlio. Mtu amezoea kwamba injini ikilia namna fulani kwenye gia ya tano, yuko kwenye 60. Anabadili sproketi, anasikia mlio uleule, mshale unaonyesha 64, na anahitimisha kwamba mita imeharibika. Mshale uko sahihi kama ulivyokuwa. Kipimo kilichoharibika ni sikio lake.

Nimesema sahihi kama ulivyokuwa, na hayo ni maneno ya tahadhari, kwa sababu mshale wenyewe haukuwa sahihi tangu kiwandani. Jumapili moja asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, nilimkalisha mdogo wangu nyuma ashike simu yenye GPS na kunisomea kwa sauti. Mshale ukiwa kwenye 60, simu ilisema 56. Mshale ukiwa kwenye 80, simu ilisema 74. Nilirudia jaribio hilo baada ya kurudisha sproketi ya 14 na namba hazikubadilika. Lakini kihesabu cha kilomita, vile vitarakimu vilivyo chini ya mshale, kilikwenda sambamba na nguzo za kilomita za barabarani: nguzo 20, kilomita 20 na kitu kidogo kisichofaa kutajwa.

Inawezekanaje mita moja, yenye waya mmoja, iseme kweli kuhusu umbali na kutia chumvi kuhusu mwendo? Ndani yake mna kazi mbili tofauti. Kihesabu cha kilomita kinaendeshwa na gia ndogondogo zilizoshikana meno kwa meno na waya, kwa hiyo ni hesabu tupu ya mizunguko. Mshale haukushikana na waya hata kidogo. Waya unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha aluminiamu bila kukigusa. Sumaku inapozunguka inaamsha mikondo ya umeme ndani ya aluminiamu, mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate sumaku, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mahali ambapo mvuto na springi vinalingana ndipo mshale unaposimama. Kiwanda kinachagua springi na kuchora namba za kwenye uso wa mita, na kinachagua kwa makusudi kuelekea juu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inakataza mita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, ila kwa pikipiki inaruhusu kuzidisha hadi sehemu ya kumi ya mwendo halisi ukijumlisha kilomita 8 kwa saa. Kwenye mwendo halisi wa 50, mshale unaweza kusema 63 na bado mtengenezaji hajavunja kanuni.

Kwa mita ya namna hii, kinachoweza kuibadili ni tairi la mbele. Ukitoa tairi la 2.75-17 na kuweka la 3.00-17, kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 2, tairi linazunguka mara pungufu kwa kila kilomita, na mita inapunguza kwa kiasi hicho. Tairi lililolika hadi kuwa upara linafanya kinyume chake. Ni badiliko dogo, na sijamsikia mtu hata mmoja pale kijiweni akilihofia.

Hata hivyo onyo la fundi halikuwa la bure. Alikuwa amelibandika tu kwenye pikipiki isiyohusika. Mwenzangu tunayefundisha naye ana pikipiki ya Kijapani ya cc 250, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, yenye mita ya tarakimu. Tuliipandisha juu ya kreti mbili za soda, tukaiwasha na kuingiza gia, na tarakimu zikapanda hadi 40 ilhali pikipiki imesimama uani pale chini ya mwembe. Mita yake haina waya wa tairi la mbele. Ina sensa kwenye giaboksi, inayohesabu mizunguko kabla nguvu haijafika kwenye cheni, kisha kompyuta ndogo inazidisha kwa uwiano wa sproketi za kiwandani, ambazo kwake zilikuwa 14 na 40. Kompyuta hiyo haina namna ya kujua kwamba mwenye pikipiki ameweka 13 mbele ili apande milima ya Usambara bila taabu, na ndivyo alivyokuwa amefanya mwaka mzima.

Hesabu yake ni fupi. Gawanya 14 kwa 13, utapata 1.077, kila namba ya mita yake, mwendo na umbali, imezidishwa kwa hiyo. Mahali ambapo mita ya kiwandani ingesema 84 ikiwa mwendo halisi ni 80, ya kwake inasema 90. Akitembea kilomita 10,000, mita inaandika 10,769, na siku atakapoiuza pikipiki hiyo mnunuzi ataihesabia safari ambazo haikwenda. Anapomwaga oili kila kilomita 3,000 za mita, kwa kweli anaimwaga kila kilomita 2,786, jambo lisilodhuru injini ila mfuko.

Lililonichekesha ni mafuta. Mwenzangu alikuwa akitamba ofisini kwamba tangu aweke sproketi ndogo, pikipiki yake inakwenda mbali zaidi kwa lita moja: zamani kilomita 30, sasa 32. Tulikaa na daftari lake la vituo vya mafuta, tukagawanya kila umbali kwa 1.077, na ile 32 ikageuka kuwa chini kidogo ya 30. Alikuwa amenunua kilomita za hewa. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama hesabu yangu mwenyewe ilikuwa salama. Ilikuwa salama, kwa kuwa kihesabu changu kiko kwenye tairi la mbele, na daftari langu halikuonyesha tofauti ya mafuta kati ya 14 na 15 niliyoweza kuitenga na tofauti za upepo na mzigo.

Mtu mwenye pikipiki ya namna yake akienda upande wa pili, yaani kuongeza jino mbele, ndiye anayepaswa kuwa makini zaidi. Mita itapunguza. Ile asilimia chache ya nyongeza ambayo kiwanda kiliiweka kama mto wa usalama inaliwa yote, na dereva anayeona 50 kwenye eneo la makazi huenda anakwenda 51 au 52, akishangaa kusimamishwa na askari mwenye tochi. Pikipiki mpya zenye sensa kwenye matairi kwa ajili ya breki za ABS, zile zinazozuia tairi kuganda, mara nyingi huchukulia mwendo hukohuko, na kwa hizo sproketi haina neno. Kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake, lile jaribio la stendi ndilo ninaloliamini: inua tairi la nyuma, ingiza gia, tazama mita. Linachukua dakika moja.

Nilirudisha ya meno 14 kabla ya muhula kwisha. Ile ya 15 iko kwenye droo ya meza yangu, imeviringishwa kwenye gazeti lake lenye grisi, ikisubiri safari yoyote ndefu ya tambarare isiyo na shemeji wala kiroba. Mwenzangu hakurudisha yake, kwani nyumbani kwake ni juu kabisa, Mtae, na anasema afadhali mita inayotia chumvi kuliko klachi inayonuka. Yapo makopo madogo ya elektroniki yanayofungwa kati ya sensa na mita ili kusahihisha hesabu, lakini aliona bei yake akaguna. Amebandika plasta nyeupe ya dukani juu ya tangi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: 56 NI 50. Mvua za masika zimeshaanza kuibandua upande mmoja.